UZI: Kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, mi nasema chepesi ndo chenye kazi. Wana Dodoma karibuni

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kila nikisikia watu wanaongelea visu vya kukunja, anayesifiwa ni yule mwenye kisu kizito, kinene, mpini chuma mwanzo mwisho, eti ukikishika unajua umeshika kitu. Mi sikubaliani kabisa na ntaeleza kwa urefu, mwenye haraka apite tu atarudi baadae.

Msimamo wangu ni kwamba kisu cha mfukoni kikishapita gramu 60 hivi kimeanza kuwa mzigo, na mzigo mtu hauubebi kila siku. Utakiacha kwenye droo, utakiacha kwenye gari, utakiacha kwenye begi ambalo leo hukutoka nalo. Halafu uko pale soko la Job Ndugai, gari limeshusha, salfeti zimeshonwa midomo kwa ule uzi mgumu, unaanza kuuliza nani ana wembe hapa, mara mtu anajaribu kwa funguo, mwingine kwa meno. Sasa kile cha gramu 200 kilichoko nyumbani Nkuhungu kinakusaidia nini? Cha gramu 35 ambacho ulishasahau kama unacho mfukoni ndo kitakachokata.

Kazi yangu ni kufunga drip, ile mipira ya kumwagilia kwa matone, kwenye mashamba ya zabibu, Hombolo, Mpunguzi, Mvumi huko, na nikiwa mjini nafunga umeme kwenye nyumba mpya, Iyumbu, Nala, kote kunakojengwa. Kwa hiyo kisu kinatoka mfukoni asubuhi mpaka jioni. Chukulia mpira wa drip, ule wa milimita 16. Unatakiwa ukatwe wima kabisa, ukienda upande konekta haikai vizuri na maji yanavuja palepale kwenye maungio. Kisu kinene, hata ukinoe vipi, kinaubonyeza mpira kwanza unakuwa bapa ndo unakatika, na ukikatika mdomo umepinda. Kisu chembamba unaweka dole gumba mgongoni mwa bledi, unauzungusha mpira kidogo kidogo kwa mkono mwingine huku unakandamiza kwa mbali, unaachia wenyewe na mdomo unabaki duara safi, konekta inaingia kwa kusukuma mara moja. Waya nao ni hivyohivyo, ukichuna wa 2.5 wa soketi unataka makali yaingie kwenye plastiki tu yasiguse shaba, maana ukishaichana shaba pale ndo patakapokatikia siku unakunja waya kuuingiza kwenye boksi. Bledi nene haikupi huo uhakika, huoni hata inaishia wapi.

Watu wanachanganya kitu kimoja. Panga linataka uzito kwa sababu unalirusha, linakata kwa ile nguvu ya kushuka. Kisu cha mfukoni hukirushi, unakisukuma au unakivuta, nguvu ni ya kwako na kazi ya bledi ni kupita bila kukwama, na kinachoifanya ipite ni wembamba wa pale nyuma ya makali, milimita 2 za mgongo zinatosha sana. Bledi ya milimita 4 kwenye kisu cha kukunja inapasua, haikati, jaribu kukata karoti utasikia inavyolia ikipasuka.

Na uzito wenyewe mara nyingi wala hauko kwenye bledi, uko kwenye mpini. Brasi ina kama gramu 8.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma karibu 8, titani 4.5, alumini 2.7, na nailoni iliyochanganywa na nyuzi za glasi haifiki hata 2. Ndo maana unakuta visu viwili bledi zinalingana urefu, kimoja gramu 50 kingine gramu 150, na hizo 100 za juu hazijawahi kukata chochote.

Mifano: Spyderco Dragonfly wa mpini wa nailoni una gramu 34. Benchmade Bugout uliotoka 2017 una gramu 52, na ule bledi yake inapita sentimita 8, sio kitoto. Opinel namba 8 ya Wafaransa, mpini wa mbao, bledi sentimita 8.5, gramu 45 hivi. Hivyo vyote vitatu vikiwa pamoja bado havifikii uzito wa kisu kimoja cha wale mnaowasifia.

Karibuni mnipinge.

Mdau wa Kongwa

Mleta uzi umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa mjini. Huku kwetu sisi wafugaji kisu ni cha kuchinja mbuzi, kuchuna, kukata kamba ya ng'ombe, kutoa mwiba kwenye tairi la pikipiki, kuchonga mti wa fimbo. Hicho cha nailoni gramu 34 ukikandamiza kwenye kiungo cha mbuzi si kinakunjikia kwenye vidole? Mi natembea na kizito na hakijawahi kuniangusha.

Mleta uzi

Mkuu wa Kongwa heshima yako, na hoja yako ndo hoja kubwa kuliko zote kwa hiyo sitaipita juujuu.

Kuchinja na kuchuna sio kazi ya kisu cha kukunja, kiwe chepesi kiwe kizito. Kisu chochote cha kukunja kina sehemu moja dhaifu nayo ni pale kwenye pini inapozungukia bledi na ile loki inayoishikilia. Unaweza kuweka mpini wa chuma nusu kilo, pini ni ileile nyembamba. Halafu damu na mafuta yanaingia kule ndani kwenye maungio, hutayatoa yote kwa kufuta, kesho kinanuka keshokutwa kina kutu. Kwa mbuzi beba kisu kisichokunjwa, chenye ala, kifunge kiunoni au kwenye pikipiki, na hicho ndo kiwe kizito utakavyo. Wazee wa Kigogo na wa Kimasai hawajawahi kutegemea kisu cha kukunja kwa mnyama na walikuwa na sababu.

Ukishakuwa na hicho cha ala kwa kazi nzito, kile cha mfukoni kinabakiwa na kazi gani? Kamba, boksi, salfeti, embe, kipande cha nyama pale mnadani Msalato, lebo, mpira, kalamu ya risasi. Kazi zote hizo ni nyepesi. Sasa kwa nini ubebe kizito kwa ajili ya kazi nyepesi wakati kazi nzito ina kisu chake?

Hicho kizito ulichonacho kama ni aina ya Buck 110, kile cha Wamarekani cha mwaka 1964 chenye mpini wa mbao na ncha za brasi, sikidharau, ni kisu kizuri na ndo kilichofanya dunia iamini visu vya kukunja vyenye loki. Lakini kina gramu 200 na kidogo na kilitoka kiwandani na ala yake ya kuvaa kwenye mkanda, kwa sababu wenyewe walijua hicho sio cha mfukoni. Kampuni hiyohiyo baadae ikaja ikatoa toleo la mpini wa nailoni, uzito ukashuka chini ya nusu, bledi ileile.

Na hilo la kutoa mwiba kwenye tairi naomba nikusihi kaka, usilifanye kwa kisu chochote. Ncha inakatika na kile kipande hujui kinaruka kuelekea wapi. Koleo ndogo haizidi uzito wa hicho kisu chako.

Mdau wa Area D

Kaka mi ni mwanamke nina duka la vifaa vya shule, kazi yangu kufungua maboksi kutwa nzima. Nguo zangu nyingi hazina mifuko, natembea na pochi. Kisu cha sentimita 8 naona kikubwa na wateja watoto wananiogopa nikikitoa. Nimekuwa natumia wembe wa kuvunjavunja ule wa njano ila unachomoka kwenye pochi. Unanishauri nini?

Mleta uzi

Dada yangu wewe ndo mtu ninayemwandikia huu uzi kwa kweli. Tafuta vile vidogo vya Victorinox, ile Classic, ikikunjwa ina milimita 58, uzito kama gramu 21, unaining'iniza na funguo za duka. Bledi ni kama sentimita 4 na haina loki lakini kwa selotepu ya boksi hiyo ni zaidi ya kutosha, alafu ina mkasi mdogo ambao kwa duka lako utautumia kuliko kisu chenyewe. Mtoto akiona kile kitu chekundu hata hajui ni kisu.

Na nikuambie historia yake maana inaingia humuhumu kwenye mada. Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alifungua karakana yake kule Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kupeleka visu kwenye jeshi la nchi yake. Kile kisu cha askari kilikuwa imara lakini kizito. Yule bwana akakaa akafikiria chepesi na kinachopendeza zaidi kwa ajili ya maofisa, akasajili mwaka 1897. Ujanja wake ulikuwa kwenye springi, alipanga vifaa vya pande zote mbili za kisu vitumie springi zilezile, kwa hiyo vifaa sita vikafanya kazi kwa springi mbili tu. Ona, hajaondoa kazi hata moja, kaondoa chuma kisichokuwa na kazi. Kile kisu chekundu tunachokijua wote leo kilizaliwa kutokana na mtu kukerwa na uzito.

Jambo moja tu, kwa kuwa haina loki usikandamize kwa ncha, usichome kitu kwa mbele, kata kwa kuvuta kuelekea pembeni. Ukichoma, bledi inaweza kurudi kwenye vidole.

Mdau wa Area D

Asante sana kaka, hiyo ya mkasi imeniingia.

Mdau aliyeko Tanga, mzaliwa wa Kondoa

Opinel uliyoitaja mi ninayo, ya chuma cha kaboni. Nilipokuwa Kondoa ilikuwa safi, nimehamia Tanga miezi michache tu ina madoa ya kutu na mpini umebana, kuifungua mpaka ushike na meno. Imeharibika au?

Mleta uzi

Haijaharibika mkuu, imehamia pwani tu. Chuma cha kaboni kinaliwa na unyevu na chumvi. Huku kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili, mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa kawaida, miezi iliyobaki hewa kavu, kwa hiyo kisu cha kaboni ukikifuta tu baada ya kazi kinakaa. Tanga hata ukikifuta, usiku kinalala na unyevu. Na mbao nayo inavuta maji inavimba, ndo maana inabana bledi. Toa nje kikauke kivulini siku kadhaa, usikiweke juani mbao itapasuka, kisha paka mafuta ya kula kidogo pale kwenye maungio na juu ya bledi. Kama unakaa huko moja kwa moja basi chukua ile ya chuma cha pua, Opinel wanatoa zote mbili, uzito uleule.

Ile pete ya chuma inayozunguka pale shingoni waliiweka mwaka 1955, kabla ya hapo tangu 1890 ilikuwa haina loki kabisa. Mi naihesabu kama loki bora kuliko nyingi za bei mbaya, ni kipande kimoja cha bati kilichokunjwa, unakizungusha kwa dole gumba basi, haina skrubu wala springi, na uzito wake hata hauusikii.

Ila kwa waliopo huku Dodoma adui yetu sio maji, ni vumbi. Hili vumbi jekundu la Agosti upepo ukianza linaingia kila sehemu. Watu wanapaka grisi kwenye maungio ya kisu, grisi inakamata vumbi, inakuwa tope, kisu kinasaga kama kina mchanga kwa sababu kweli kina mchanga. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani linatosha, ukishatia fungua funga mara nyingi alafu futa yote yanayotoka nje. Visu vyepesi vingi mpini wake uko wazi nyuma, ukipuliza vumbi linatoka upande wa pili. Vizito vingi vimezibwa.

Na zabibu jamani. Maji ya zabibu yana asidi, ukikata vikonyo vya mashada asubuhi nzima na kisu cha kaboni ukakikunja hivyohivyo, jioni bledi imekuwa ya bluu na nyeusi. Huo weusi wenyewe sio mbaya, kutu ya rangi ya chungwa ndo mbaya. Suuza na maji ya chupa, futa na fulana, endelea. Ila kupogolea mzabibu tumia mkasi wake wa kupogolea, usijaribu kisu, utachana gome.

Mdau wa Chang'ombe

Mnapendezesha ila hamjagusa la msingi, askari akinikamata usiku na kisu mfukoni najieleza nini? Huku kwetu kijana na kisu tayari ni kibaka.

Mleta uzi

Mdogo wangu umeuliza la maana. Mi sio mwanasheria, naongea kama mtu anayetembea nacho. Askari anaangalia mazingira, uko wapi, saa ngapi, na kisu ni cha namna gani. Fundi mwenye begi la vifaa saa nne asubuhi na kijisu kimefungwa pamoja na testa na koleo, hiyo inajieleza. Kijana saa sita usiku nje ya baa ana kisu kirefu cha kuruka kwa kitufe, hiyo nayo inajieleza. Kwa hiyo ukienda kwenye starehe, mpirani, kwenye mkutano wa siasa, kiache nyumbani, huko hakuna salfeti ya kufungua. Ukienda ofisi za serikali kule Mtumba au bungeni kuna ukaguzi getini, kiache kwenye gari. Stesheni ya SGR mizigo inapita kwenye mashine, usijipe usumbufu. Ndege ndo kabisa, kiende kwenye begi la chini, sio la mkononi.

Na hapa tena wepesi unasaidia. Kisu cha mbao cha bledi fupi kinafanana na kitu cha kumenyea chungwa. Kile cheusi kinene chenye meno mgongoni kinafanana na silaha, hata kama wewe unamenyea chungwa hilohilo. Usikichezee mbele za watu, usikifungue kwa mbwembwe za kurusha mkono, kata ulichotaka kukata, kunja, rudisha.

Mzee wa Makole

Vijana mmesahau Okapi. Sisi tulikuwa tunaijua ile yenye mpini wa mbao na nyota na mwezi, ukiifungua inalia krrr. Nyepesi na inanoleka kwa jiwe lolote.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Kweli kabisa na umenikumbusha jambo, Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Kuanzia 1988 zinatengenezwa Afrika Kusini. Na umeona mzee, kisu kilichodumu kwa wakulima wa bara hili kwa zaidi ya miaka 100 ni cha mbao na chuma chembamba. Hakuna mkulima aliyeomba kiongezwe uzito.

Hilo la kunoleka nalo naliunga mkono. Chuma cha kawaida kinanoleka kwenye jiwe, na ukikosa jiwe geuza kikombe cha udongo wa kauri, ule mduara wa chini usiopakwa rangi unanoa vizuri sana. Kilaze kisu mpaka mgongo unyanyuke kidogo, kama nyuzi 20, pitisha taratibu kila upande sawa, malizia kwenye mkanda wa ngozi kwa kurudisha nyuma. Bledi nyembamba dakika chache umemaliza kwa sababu chuma cha kuondoa ni kidogo.

Mdau wa Kongwa

Mleta uzi nimekuelewa hapo kwenye kugawa kazi. Nitabaki na cha ala kwa mbuzi. Kile kizito mdogo wangu alikuwa anakitaka muda mrefu, nampa. Sasa hicho chepesi nichukue chenye klipu, kile kibanio cha kushikia kwenye mfuko, au kisicho nayo? Mi navaa kaptula za mifuko mikubwa, kitu kinazama mpaka chini.

Mleta uzi

Kwa mifuko hiyo chukua chenye klipu mkuu. Spyderco ndo waliotoka na hiyo ya klipu mwaka 1981, pamoja na lile tundu kwenye bledi la kufungulia kwa mkono mmoja, na wewe unayeshika kamba ya mnyama kwa mkono mwingine hilo tundu litakufaa sana. Kikikaa juu ya mfuko hakichanganyikani na sarafu na funguo na hakitoboi kitambaa. Ila kivae upande wa ndani wa mfuko wa nyuma au kifunike na shati ukiwa mjini, kwa yale tuliyoongea na kijana wa Chang'ombe.

Mdau wa Ilazo

Mwanangu anaenda kusoma Uingereza mwezi wa tisa, nataka nimpe kisu kidogo kama zawadi, babu yake alinipa mimi. Kuna tatizo?

Mleta uzi

Mama hongera kwa mwanao. Kule sheria yao imenyooka, kutembea nacho bila kuwa na sababu maalumu kinatakiwa kiwe cha kukunja, makali yasizidi inchi 3 ambazo ni kama sentimita 7.6, na kisiwe na loki. Kwa hiyo Opinel zenye ile pete, hata zile ndogo, ziondoe kwenye orodha, Dragonfly pia ina loki. Mpe Victorinox ya kawaida isiyo na loki, na kwenye safari akiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Asiende nacho darasani, kikae chumbani kwake kwa mambo ya jikoni na vifurushi.